Shilingi ya Kwanza Isiende Dukani

Mfuko wa mbolea wenye bei ndogo kuliko yote dukani mara nyingi ndio ghali kuliko yote shambani. Anayebisha achukue kalamu.

Agosti 2022, mpango wa ruzuku ya mbolea ulipozinduliwa, mkulima aliyejiandikisha aliwekewa bei ya shilingi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50 wa urea, 60,000 kwa CAN na 50,000 kwa SA. DAP nayo ilikuwa 70,000, wakati bila ruzuku ilishavuka 130,000. Bei za msimu huu utazikuta kwa wakala. Hapa natumia zile za 2022 ili tuone hesabu inavyopigwa. Wewe badilisha namba tu.

Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko una kilo 23. CAN ina asilimia 26, yaani kilo 13. SA ina asilimia 21, kilo 10 na nusu. Gawa bei kwa kilo hizo. Kwenye urea umenunua kilo ya naitrojeni kwa shilingi 3,040 hivi, kwenye CAN 4,600, kwenye SA 4,760. Ule mfuko wa elfu 50 uliokuvutia umekuuzia chakula kilekile cha mmea kwa bei iliyozidi kwa zaidi ya nusu.

SA ina kasoro nyingine pia: inaongeza tindikali, na vihamba vingi (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) vya Kibosho, Uru na Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro inayopata mvua nyingi, tayari vina tindikali ya kutosha. Kama shamba lako liko tambarare, Kahe au Mabogini, ambako udongo mwingi una asili ya magadi, lawama hiyo inapungua, na salfa iliyomo inaweza kukufaa. Lakini kwa naitrojeni peke yake, SA si nafuu hata kidogo.

Urea nayo ina masharti yake. Ukiitupa juu ya udongo wenye joto na mvua ikachelewa, sehemu ya pesa yako inapaa hewani kama harufu kali. Inatakiwa ifukiwe, sentimita tano zinatosha. Sasa jiulize nani atafukia. Kama ni wewe na watoto jioni, nunua urea. Kama ni kibarua wa kulipwa kwa siku na unajua atamwaga tu aende zake, CAN inaweza kukutoka kwa bei nafuu zaidi mwisho wa hesabu, kwa sababu haipotei hewani kirahisi hivyo.

Kipimo ni kifuniko cha soda, karibu gramu tano. Mahindi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili shimoni, yanatoa mashimo karibu 9,000 kwa ekari. Kifuniko kimoja kila shimo kinamaliza kama kilo 45, kwa hiyo mfuko mmoja unatosha ekari na chenji inabaki. Anayekwambia ekari moja inataka mifuko mitatu ya kukuzia, muulize kwanza anauza nini.

Kwa mbolea ya kupandia, kumbuka udongo wa mlima huu ni wa volkeno, na udongo wa namna hiyo hung'ang'ania fosforasi kiasi kwamba mmea unaambulia kidogo. DAP ya kumwaga shamba zima ni sadaka kwa udongo. Iweke shimoni, ifunike na udongo kidogo, ndipo mbegu ifuate. Ukitaka ya nyumbani, fosfati ya Minjingu, mkoani Manyara, inayeyuka vizuri kwenye udongo wa tindikali, kwa hiyo inafaa zaidi juu mlimani kuliko chini tambarare. Kwenye udongo wa magadi utasubiri sana.

Hayo yote, hata hivyo, ni matumizi ya shilingi ya tatu au ya nne. Ya kwanza inatakiwa izuie udongo ulio nao usiondoke.

Ekari moja ina mita za mraba kama 4,050. Mvua ikichukua udongo wa unene wa milimita moja tu, unene usiouona kwa macho, imebeba kama tani nne. Udongo mzuri wa juu ukiwa na naitrojeni ya asilimia 0.2, hizo ni kilo nane zimeshuka na maji ya masika kwenda kuchafua mfereji wa watu wa chini. Kwa bei yetu ya mfano ni shilingi 24,000 na ushee. Milimita tatu zinazidi mfuko mzima wa urea. Na hapo sijahesabu mboji, ambayo hakuna duka linaloiuza kwa mfuko.

Kwa hiyo mwenye shamba la mteremko na elfu 30 mkononi, pesa hiyo aipeleke kwenye kibarua wa siku mbili tatu wa kuchora makinga maji yanayokata mteremko, na kwenye majani ya kupanda juu ya kingo. Vipando vya guatemala na matete huwa havinunuliwi. Omba kwa jirani anayefuga, siku anapokata.

Chagua jani kwa kuangalia bandani kwako. Una ng'ombe, panda matete au guatemala, yanashika udongo na yanalisha. Huna ng'ombe, vetiva inashika vizuri zaidi, mizizi yake inakwenda chini badala ya kutambaa kwenye mahindi yako, na ikishika inadumu miaka mingi. Matete yana wivu: mstari wa mahindi ulio karibu nayo utakuwa dhaifu. Yakate mara kwa mara, na ujue tangu mwanzo kwamba mstari huo mmoja umeutoa kafara. Kwa mwenye robo ekari huo si mstari mdogo, lakini bado ni nafuu kuliko korongo.

Sasa samadi, maana hapa ndipo pesa nyingi za Uchagani zinapopotea kimyakimya.

Kihamba kimeishi karne nyingi kwa samadi. Ng'ombe alifungiwa ndani, majani yalibebwa kichwani kutoka mashamba ya chini, kinyesi kikaenda kwenye migomba na kahawa. Mwaka 2011 FAO iliuweka mfumo huo wa Shimbwe Juu kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo wa dunia. Heshima ni nzuri, ila haimlipi kibarua wala haijazi shimo la mboji. Leo wengi wana ng'ombe mmoja au hawana kabisa, na ndizi zinapakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam. Kila mkungu unaoondoka unaondoka na potasiamu, madini ambayo mgomba unayala kuliko mengine yote. Urea haina potasiamu hata chembe. Mwenye migomba anayenunua urea pekee anamlisha mgonjwa dawa isiyo yake.

Je, ununue samadi? Piga hesabu kabla ya kumpigia simu mwenye kirikuu. Samadi yenye unyevu ina naitrojeni kama kilo tano kwa tani. Kirikuu kinabeba kilo 600 au 700, kwa hiyo umeletewa kama kilo tatu, thamani ya shilingi elfu 10 hivi kwa bei ya urea ya ruzuku, na nyingine haitoki msimu huu. Ukijumlisha bei ya mzigo, nauli ya kupanda mlima, vijana wa kupakia na kushusha, halafu wa kubeba kwa ndoo kutoka barabarani hadi kihambani kwa sababu gari haliingii, unaweza kujikuta umelipa mara tano ya hapo.

Hiyo haina maana usinunue. Unalipia pia potasiamu, na mboji inayoshika maji na kuufanya udongo uwe tifutifu kwa misimu kadhaa. Ila nunua ukijua unachonunua, na nunua karibu. Samadi ya kutoka kijiji cha jirani, sawa. Samadi ya kupandishwa kutoka tambarare kwa nauli ya kirikuu, mpaka uwe na kahawa au mboga za kulipa. Angalia pia mzigo wenyewe: samadi iliyonyeshewa ni nzito na haina kitu, na ile iliyochotwa chini ya zizi la udongo nusu yake ni udongo.

Kama una ng'ombe wako, biashara bora kuliko zote iko nyumbani kwake. Ingia bandani asubuhi kabla hakujafagiliwa. Mkojo umetoka miguuni, umepita chini ya mbao zilizooza, umechora mstari mweusi hadi nje, na kando ya mstari huo majani yamestawi kuliko popote uani. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe iko kwenye mkojo, na sehemu kubwa ya potasiamu pia. Watu wanachunga kinyesi, mkojo wanauachia mfereji.

Mifuko miwili mitatu ya saruji, mchanga, mawe unayoyaokota hapohapo, na fundi wa siku moja, vinakupa sakafu yenye mteremko na mfereji mdogo unaoishia kwenye shimo. Weka matandiko: majani makavu ya migomba, maranda, mabua yaliyokataliwa na ng'ombe. Yanafyonza mkojo, unayazoa na kinyesi. Kisha funika lundo kwa bati bovu au majani mengi ya mgomba, kwa sababu samadi isiyofunikwa wakati wa masika inabaki ganda tu, utamu wote umekwenda na maji. Sakafu hiyo inadumu miaka. Mfuko wa urea unadumu msimu. Kama pesa ni ya kimoja tu kati ya hivyo viwili mwaka huu na una ng'ombe, sakafu kwanza.

Biogesi? Usijenge mtambo kwa ajili ya mbolea peke yake. Unajilipa kwa kuokoa kuni na mkaa, tope lake ni nyongeza.

Mbolea ya kuku inapatikana kwa urahisi kutoka kwa wafugaji wa kuku wa nyama mjini. Kiroba cha kilo 30 kikiwa kikavu kina naitrojeni ya kilo 0.7 hivi, pamoja na fosforasi nzuri. Kwa bei yetu ya mfano, ukiuziwa elfu mbili au elfu tatu, chukua. Ukiuziwa elfu tano, rudi kwenye urea. Fungua kiroba, tia mkono hadi chini. Ukikuta maranda matupu, unanunua takataka za seremala. Ukikuta kimelowa, unalipia maji. Na usiimwage mbichi kwenye mche, itauunguza. Iache ioze majuma kadhaa.

Tambarare kuna biashara nyingine inayofaa kutazamwa kwa jicho kali, nayo ni mabua. Baada ya mavuno, magari yanapanda kutoka Kahe na Himo yamejaa mabua ya kulisha ng'ombe wa juu. Muuzaji anaona pesa ya bure. Si ya bure. Mahindi yenyewe yameshaondoka na naitrojeni kama kilo moja na nusu kwa kila gunia la kilo 100, na sehemu kubwa ya potasiamu ya mmea wa mahindi inabaki kwenye bua. Ukiuza bua, umeuza na hiyo. Ukilichoma, moto unapeperusha naitrojeni na salfa, na udongo unabaki wazi kwa upepo wa Septemba.

Siwezi kumwambia mwenye ada ya shule asiuze mabua. Ninachomwambia ni auze nusu, na bei isishuke chini ya kile kitakachomgharimu kurudishia. Nusu iliyobaki ailaze shambani, na ng'ombe wa wapita njia wasiimalize. Kulinda shamba lisilo na uzio ni kazi, najua. Pengine ndiyo gharama kubwa kuliko zote hapa, na inahitaji serikali ya kijiji isimamie sheria ndogo zake.

Kwenye nafasi kati ya mahindi, ngwara, zao la jamii ya mikunde, ni ununuzi mzuri. Mbegu unainunua mara moja, mwakani unatumia zako. Inabaki shambani baada ya mahindi kuvunwa, inafunika udongo, inaongeza naitrojeni, na punje zinauzwa. Soko lake kubwa liko Kenya, kwa hiyo bei inapanda na kushuka kwa upepo wa mpakani. Usiifanye tegemeo la pekee. Maharage yanauzika na kulika kirahisi zaidi, ila yanaondoka mapema na kuuacha udongo mtupu.

Sasa visivyofaa pesa yako. Kwanza, chupa za mbolea ya majani, zile wanazoziita busta. Soma kibandiko. Ikisema naitrojeni asilimia 20, lita nzima ina gramu 200 hadi 250, takriban nusu ya iliyomo kwenye kilo moja ya urea. Kilo ya urea ya mfuko wa elfu 70 ni shilingi 1,400. Kwa hiyo ndani ya ile chupa kuna naitrojeni ya shilingi mia saba. Iliyobaki ni maji, rangi na tangazo. Isipokuwa kama vipimo vimeonyesha kahawa yako imepungukiwa zinki au boroni. Hapo kiasi kinachohitajika ni kidogo na kunyunyizia kuna maana.

Pili, chokaa ya kubahatisha. Chokaa inasaidia udongo wenye tindikali kali, lakini inatakiwa kwa mamia ya kilo na nauli yake ni kubwa. Bila kupima usinunue. Majivu ya jikoni yanafanya kazi hiyohiyo kidogokidogo na hayana bei, ila yaishie juu mlimani. Ukiyapeleka kwenye shamba la Lower Moshi lenye utando mweupe wa chumvi juu ya udongo, unaongeza tatizo. Udongo wa hivyo unataka mifereji ya kutoa maji, na pengine jasi, ambayo inachimbwa Makanya, wilayani Same, si mbali. Lakini jasi bila maji ya kusafishia chumvi na mahali pa kuyatolea ni hasara ya mfuko na nauli. Shamba la kukodi lenye hali hiyo, mimi ningelirudisha kwa mwenyewe.

Kupima, basi. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, wilayani Hai, wanapima udongo, na si wa kahawa tu unaostahili safari hiyo. SUA Morogoro na TARI Mlingano, Tanga, nao wana maabara. Serikali iligawa pia vipima udongo kwa halmashauri mwaka 2022, kwa hiyo anza kwa afisa ugani wako na uulize kipo wapi. Kipimo cha mkononi si sawa na maabara lakini kinatosha kukwambia kama tindikali ni kali. Gharama ya kupima ni kwa sampuli, siyo kwa shamba. Changanya vijiko kutoka sehemu 10 au 15 za shamba kwenye ndoo safi, upeleke kimfuko kimoja. Majirani wanne wenye udongo unaofanana wanaweza kuchangia nauli ya mtu mmoja.

Mwenye kahawa ana uamuzi mwingine. Mibuni ya zamani inadai dawa za shaba msimu baada ya msimu kwa ajili ya chulebuni na kutu ya majani, na shaba haiozi; inalundikana udongoni chini ya mbuni. Miche ya aina mpya za TaCRI inastahimili magonjwa hayo. Unalipa miche na kusubiri miaka miwili mitatu bila mavuno, halafu unaokoa dawa na vibarua wa kunyunyizia. Ng'oa kwa mafungu, robo ya shamba kwa mwaka, ili pesa isikatike. Na kabla hujapandisha mfuko wowote wa urea kihambani, uliza AMCOS yako, yaani chama chenu cha ushirika, kama imo kwenye mkataba wa kahawa hai. Mfuko mmoja wa dukani unaweza kuwaharibia wanakikundi wote.

Zilizobaki ni gharama zisizoandikwa ubaoni. Nauli ya bodaboda kutoka mjini hadi Old Moshi kwa mfuko mmoja inaweza kula sehemu nzuri ya ruzuku. Nunueni watatu wanne, mkodi gari moja. Mbolea ya kupimiwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa ni ghali kwa kilo na hujui imekaa wazi tangu lini. Heri mifuko midogo iliyofungwa kiwandani, kama wakala anayo. Mkopo wa kikundi wa elfu 70 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ukiulipa baada ya miezi mitatu, umeugeuza mfuko wa elfu 70 kuwa wa elfu 91. Kwa bei hiyo ni heri ununue nusu mfuko kwa pesa taslimu na uweke kifuniko kimoja kwenye nusu ya shamba iliyo bora. Risiti idai palepale.

Na ruzuku yenyewe haiji kwa sura ya mtu. Unajiandikisha kwenye serikali ya kijiji na ukubwa wa shamba lako, unapata namba, na wakala anakuuzia kwa namba hiyo na simu yako. Aliyebadilisha laini, aliyerithi kihamba cha baba ambaye jina lake bado limo kwenye daftari, au aliyeongeza shamba la kukodi, atakwama kaunta. Nenda ofisi ya kijiji ukahakiki Januari au Februari, wakati mwenyekiti yupo na foleni haipo, na barabara za juu bado zinapitika kwa kirikuu.